Zamu ya Bi Kidawa

Kosa lilianza kwenye jina. Waliokiunda kifaa kile walikiita jukwaa la hatua, lakini aliyepewa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili, sijui alikuwa na haraka gani siku hiyo, aliandika "mkeka", na kuanzia hapo ukawa mkeka. Watu wakaufanyia yote unayofanyiwa mkeka. Wakavua viatu kabla ya kuukanyaga. Wakaukunja jioni na kuusimamisha nyuma ya mlango. Wakautoa uani, wakaukung'uta, wakaufua kwa sabuni ya unga na kuuanika juani, mpaka meno ya mpira yaliyo chini yake yakakauka na kupukutika. Meno yakipukutika, mkeka huteleza. Na mkeka ukiteleza, huitwa fundi, naye ni Tunu Singano.

Tunu alikuwa fundi wa Idara ya Hatua, Korogwe na vitongoji vyake, mwaka wa tisa sasa. Alikuwa na pikipiki ya umeme, sanduku la zana, kishikwambi cha ofisi, na chumba kimoja cha kupanga ambacho ndani yake hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula. Watu wake walikuwa wazee wa kwenye orodha. Aliwajua kwa miguu kuliko kwa nyuso: huyu anatua na kisigino, yule anaogopa mguu wa kulia, huyu anapiga kwa hasira kana kwamba sakafu ilimtukania mama. Mazungumzo yake marefu ya wiki nzima aliyafanya akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mtu mwingine, na mara nyingi alijikuta anakaza utepe uliokwisha kukazwa, ili tu asiondoke mapema.

Ijumaa ile alipelekwa kwa Mzee Sechonge Hoza, nyumba ya mwisho katika kambi ya zamani ya mkonge. Kishikwambi kiliandika: mkeka mmoja, watumiaji wawili, unasogea vidole sita kwa wimbo, onyo la tatu. Onyo la nne halikuwepo. Baada ya la tatu, mkeka uligandishwa sakafuni siku hiyohiyo au nyumba ilifutwa kwenye orodha, na wenye nyumba wakafuatwa na gari.

"Hodi," alisema mlangoni.

"Karibu, fundi, karibu ndani. Vua vi... ah, umeshavua."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Tunu alipita, na hatua ya pili mguu wake ukamkimbia. Alijishika kwenye meza. Sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa inang'aa kiasi cha kuona kucha zako ndani yake, na chumba kizima kilinukia polishi.

"Pole sana," Mzee Sechonge alisema, na sauti yake ilikuwa ya aibu na majivuno kwa pamoja. Alikuwa mrefu, mkavu, kanzu imepigwa pasi kwa ajili ya msikiti. "Leo Ijumaa. Sakafu napiga kila Ijumaa alfajiri. Na niliposikia kuna mgeni nikaongeza."

"Na chini ya mkeka pia unapiga?"

"Kwani chini ya mkeka si sakafu?"

Tunu alicheka. Hakuwa amecheka tangu Jumanne. Alikunja pembe ya mkeka, akapitisha kidole. Nta ilikuwa imeota tabaka juu ya tabaka, laini kama siagi. Meno ya mpira upande wa kushoto yalikuwa mazima. Ya kulia yameisha kabisa, yamesuguliwa yakawa usawa wa kitambaa. Hilo lilimshangaza kidogo. Kufua hakuchagui upande.

"Umejaribu nini, mzee?"

"Nilitandika gunia la mkonge. Likajikunja, nikajikwaa. Nikaweka matofali pembeni, nikajigonga kidole. Nikamwaga maji, wakasema kwenye simu nisimwage maji." Alikuna kidevu. "Nifundishe wewe."

"Hatuanzi na gundi. Tunaanza na sakafu. Nta yote itoke, kwa maji ya moto na magadi, kisha msasa kidogo. Hapo mikeka tisa kati ya kumi inatulia yenyewe. Usipotulia, tunaweka wavu wa mpira. Wavu ukishindwa, utepe wa pande mbili. Gundi ni mwisho, maana gundi hairudi nyuma. Ila kwa onyo la tatu sina hiari, ni gundi tu."

"Sawa. Lakini nta..." Mzee alitazama mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa wazi nusu. Akashusha sauti. "Mke wangu ndiye alikuwa anapiga sakafu hii. Miaka thelathini, na kumbi la nazi mkononi. Siku hizi amechoka, napiga mimi. Akisikia harufu anajua ni Ijumaa."

"Tutaacha pembeni yote. Nitatoa pale tu mkeka unapolala."

Hilo lilimridhisha. Tunu akamwomba acheze kidogo, ili aone mkeka unakwenda upande gani.

Mzee Sechonge alipanda. Mkeka uliwaka taa za mraba, nyekundu na kijani, na sauti ya mtoto ikasema, "Karibu, Babu Sechonge! Twende kazi!" Hapo kale ulikuwa mchezo wa watoto, na Idara ilipoununua kwa ajili ya wazee hakuna aliyekumbuka kubadilisha sauti. Muziki ukaanza. Alicheza vizuri kwa mtu wa miaka sabini na nane, mbele, kulia, nyuma, kushoto, mikono ikining'inia kama ya mtu aliye foleni. Mkeka ulisogea kidole kimoja, haukuzidi.

"Si mbaya," Tunu alisema.

"Zamu yangu si mbaya. Unateleza hasa zamu ya mke wangu. Unakwenda hivi." Na pasipo kufikiri, kwa sababu alikuwa anaeleza na mwili wake ulikuwa umezoea, alibadilisha. Nyonga ilishuka. Bega la kushoto likapanda. Mguu wa kushoto ukaacha kuinuliwa na kuanza kuburuzwa, kidole kikichora mkeka, na kila ulipoburuzwa mkeka ulitoa mlio mrefu, shwaa, ukaenda kulia.

"Safi sana, Bi Kidawa!" mkeka ukasema.

Mzee alisimama. Muziki uliendelea peke yake kwa muda. Alishuka, akafunga vifungo vya kanzu ambavyo vilikuwa vimefungwa, na Tunu akainamia kishikwambi chake kana kwamba kuna jambo la maana sana limeandikwa humo.

Na lilikuwemo. Ndani ya kila mkeka mlikuwa na vipima uzito elfu nne. Havikuhesabu hatua tu, vilisoma mwendo: kinachotangulia kisigino au kidole, mguu upi unabeba, upi unabebwa. Siku ya kwanza kila mzee alisajiliwa mwendo wake kwa jina, na kila siku alitakiwa alete hatua mia sita za mwendo huo, ili Idara ijue bado anajimudu. Asiyejimudu na asiye na kijana nyumbani alipelekwa Nyumba ya Uangalizi. Ya wanawake ilikuwa juu milimani. Ya wanaume ilikuwa upande wa pili wa mkoa, safari ya saa nne.

Hatua za Bi Kidawa zilikuwa kamili kwa miezi kumi na minne, bila kukosa siku. Pembeni ya kila siku palikuwa na namba ndogo ya njano: wasiwasi, asilimia sitini na saba. Wasiwasi, sitini na tisa. Mkeka ukisogea usomaji huchafuka, na kwa usomaji uliochafuka palikuwa na kifungu ambacho Tunu alikipenda kuliko vifungu vyote vya kitabu cha maelezo: penye wasiwasi, mzee apewe haki. Ukipita sitini, mkeka huamini jina lolote linalokaribiana na mwendo.

Mzee Sechonge alidhani mkeka unamkubali kwa sababu anamwiga mkewe barabara. Alimwiga barabara kweli. Lakini vipima elfu nne havidanganywi na bega. Kilichomwokoa ni kule kuteleza, na sasa alikuwa amesimama na kanzu yake safi akimwomba Tunu auzuie mkeka usiteleze.

"Ugandishe kabisa, mwanangu," alisema. "Nakuambia kweli, siku hizi nauogopa. Nikipanda moyo unanienda mbio. Mimi nakwenda msikitini, nikirudi nataka niukute kama umeota hapo." Akachukua kofia yake. "Mke wangu amepumzika ndani. Ukihitaji maji ya moto, yapo jikoni."

Alivaa ndala. Palikuwa na jozi mbili mlangoni, yake na ya kike. Ya kike ilikuwa na vumbi lililotulia, na buibui mdogo alikuwa ameshajenga kwenye kamba.

*

"Wewe fundi," sauti iliita kutoka ndani, mara tu mlango wa nje ulipofungwa. "Njoo."

Bi Kidawa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amefunikwa khanga, nywele zimesukwa mistari miwili iliyopinda. Ilionekana wazi zilisukwa na mwanamume. Miguu yake chini ya khanga haikuwa inainua kitambaa kwa kiasi ambacho miguu huinua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, usisimame kama mgambo. Ameshakuonyesha ninavyocheza?"

Tunu alikaa ukingoni mwa kiti. "Ameonyesha."

"Nacheza vizuri?"

"Vizuri sana, bibi. Ila unaburuza."

Bi Kidawa alicheka mpaka akakohoa. "Naburuza tangu nilipomzaa Mbwana. Miaka hamsini mtu anautazama mguu huu ukienda kisimani na kurudi. Angeshindwaje kuuiga?" Alijifuta macho kwa pindo la khanga, na alipomaliza kujifuta hakuwa anacheka tena. "Sikiliza, hatuna muda mrefu, hotuba ya imamu wetu ni fupi. Huo mkeka ugandishe."

"Ndicho nilichotumwa."

"Najua ulichotumwa. Nakuuliza kama utafanya. Nimekuona kwa huu mlango, umekaa na hicho kishikwambi kama uliyepokea taarifa ya msiba."

Tunu alikilaza kishikwambi kifudifudi magotini.

"Nami nimesoma kile kitabu cha maelezo," Bi Kidawa alisema. "Mara tatu. Sina shughuli nyingine. Kifungu cha kumi na nne, penye wasiwasi mzee apewe haki. Mwaka mzima na zaidi tunaishi ndani ya wasiwasi, mwanangu. Yeye hajui. Yeye anadhani ni ufundi wake, na mimi sikutaka kumvunja moyo."

"Basi unajua pia nikiugandisha itakuwaje."

"Utasoma vizuri. Utaona si mimi. Watakuja."

"Watakuchukua wewe, bibi. Yeye anafaulu, atabaki hapa. Nyumba ya wanawake hawaruhusu..."

"Nimekuambia nimesoma." Aligeuza uso dirishani. "Mkeka ukienda unalia, shwaa. Mimi hapa nahesabu. Leo asubuhi mara kumi na tisa, kabla hujaja. Jumanne alianguka. Akaniambia ni sufuria. Sufuria haisemi yalaa." Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua khanga. "Siku akivunjika nyonga, nani atamsikia? Kambi yote hii imebaki sisi. Mimi sitambai hata kufika huo mlango. Nitalala hapa namsikiliza mume wangu anakufa sebuleni, hatua kumi na mbili kutoka kitandani, na kile kitoto cha ndani ya mkeka kinampigia makofi."

Hapo Tunu alishikwa pabaya. Miaka miwili nyuma, kule Mombo, alimwonea huruma bibi mmoja, Bi Mwantumu, aliyelia kwamba mkeka uliogandishwa hauwezi kukunjwa na wageni wataona uchafu. Akamwachia bila gundi. Bi Mwantumu aliteleza Jumamosi. Alikutwa Jumatatu, na aliyefungua mlango alisema mkeka ulikuwa bado unawaka, unasema jaribu tena, unaweza, jaribu tena. Idara haikumlaumu Tunu; fomu ilikuwa imejazwa sawasawa. Tangu siku hiyo alikuwa anakula kwa sababu ya saa, si kwa sababu ya njaa.

"Mwambie mwenyewe mzee," alisema. "Umweleze unavyoogopa, aamue akijua. Ni maisha yake pia. Mimi nikigandisha akiwa hajui, nimemdanganya mtu aliyenikaribisha kwake."

"Nimewahi kupiga simu Idara, mwezi wa Rajabu. Nikawaambia siwezi kusimama. Akaninyang'anya simu, akasema bibi ana homa anaweweseka, akaenda akacheza hatua zangu mia sita wakiwa bado wako hewani. Huyo ndiye unataka nimuulize? Anayo haki ya kuchagua, sikatai. Amechagua kila siku kwa miezi kumi na minne. Na mimi nataka kuchagua mara moja."

"Mnaweza kuandikisha kijana wa kukaa hapa. Ukiwa na kijana nyumbani hakuna hatua, hakuna gari. Mimi..."

"Usiniambie utahamia hapa," Bi Kidawa alisema, kwa upole kabisa. "Mwenye huruma husema hivyo akiwa ameketi. Na wewe ni mtu wa Idara, hawakuandiki. Mbwana mwenyewe yuko meli ya utafiti, anapiga simu siku ya sikukuu. Nani mwingine?"

Tunu aliona haya, maana ndicho alichokuwa anakwenda kusema, na hakuwa anakisema kwa ajili yao. Alikuwa ameshaona godoro lake pale ukumbini na sahani tatu mezani. Kwa muda wa kuvuta pumzi alikuwa amesahau kazi yake na kanuni zake zote.

"Na usimwambie kitu," Bi Kidawa aliendelea. "Nitamwambia mimi ikishakuwa. Ukimwambia wewe atakufukuza, kisha atakwenda kuleta polishi."

*

Alichemsha maji. Alimwaga magadi, akasugua kwa brashi ngumu akiwa amepiga magoti, na nta ya mwaka mzima ikatoka kama ukoko wa ugali, nyekundu, yenye harufu ya nyumba ya watu. Aliipunguza mpaka saruji ikawa kavu na ya kukwaruza, mstatili mmoja mbaya katikati ya sakafu ile nzuri. Akapiga msasa. Akafuta vumbi kwa tambara la maji, kisha tambara kavu, kisha kiganja chake.

Alipofungua kopo la gundi alikaa nalo. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Angempigia msimamizi, msimamizi angesoma fomu. Kwa mzee, kugandisha kulikuwa kumpokonya mke; kutogandisha kulikuwa kumwachia mke amsikilize akifa. Hapakuwa na upande ambao mtu angeondoka na mikono safi, na aliuchukia ule mkono wa fomu uliompa kopo hili yeye Tunu, mwanamke ambaye nyumbani kwake hata sufuria haianguki asipoiangusha mwenyewe.

"Bado?" Bi Kidawa aliuliza kutoka ndani.

"Nakausha," Tunu alijibu, na akapaka.

Alipaka vizuri, kama anavyopaka siku zote, bila kuacha mapengo, kutoka katikati kwenda pembeni, akalaza mkeka taratibu na kuupiga mgongo kwa ngumi ili hewa itoke. Akaukalia mpaka gundi ikashika.

*

Mzee Sechonge alirudi na tende ndani ya karatasi. Alisimama mlangoni, akautazama mkeka, akausukuma kwa kidole cha mguu. Akausukuma kwa mguu mzima.

"Umeota," alisema. "Wallahi, umeota."

Alicheza zamu yake hapohapo bila kuvua kofia. Mara ya kwanza alikuwa anajibana. Kufikia katikati ya wimbo mikono ilikuwa imeachia, na mwishoni alizunguka mzunguko mzima ambao mchezo haukumwomba. Tunu alikuwa hajawahi kuuona mguu wa mzee ukitua kwa furaha namna ile. Alitamani aondoke wakati huohuo.

"Sasa," mzee alisema akitweta, "zamu ya mke wangu. Ila yeye ana haya kucheza mbele ya wageni. Ungetupisha uani kidogo, mwanangu."

"Hamna neno, mzee."

Alimsikia akiingia chumbani na kusema kwa sauti kubwa, "Haya, mama Mbwana, inuka polepole, nishike hapa," kisha nyayo zikatoka, za mtu mmoja. Tunu alisimama uani kati ya kamba ya nguo na ndoo, kishikwambi mkononi. Muziki ukaanza. Mguu mmoja ulipiga, mmoja ukaburuzwa, ukapiga, ukaburuzwa. Kuburuzwa huko hakukuwa na mlio wowote.

Mia sita. Hakuharakisha hata moja.

"Safi sana, Bi Kidawa! Nyota tatu!"

Kwenye kishikwambi namba ya njano ilishuka mbele ya macho yake, sitini, arobaini, kumi, ikafika sifuri na kugeuka kijani. Chini yake mstari mpya ukajiandika: mwendo haulingani na jina. Na chini ya huo, vitufe viwili. Thibitisha kazi. Rudia kazi.

Angebonyeza kurudia, angesema gundi haikushika, angepata wiki moja. Kwa wiki moja mzee angeteleza mara mia moja na thelathini na tatu. Alipiga hesabu kichwani bila kutaka, kumi na tisa kwa siku saba. Alitazama dirisha la chumbani. Bi Kidawa alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, kwa jitihada iliyoonekana kwenye shingo, na alikuwa anamtazama moja kwa moja.

"Fundi!" mzee aliita kutoka sebuleni. "Leo sikuogopa hata kidogo."

Tunu alibonyeza thibitisha.

Jibu lilikuja kabla hajashusha mkono. Imepokelewa. Ukaguzi wa nyumbani Jumatatu saa tatu asubuhi. Nafasi zilizotengwa, Nyumba ya Uangalizi: moja.

Mzee alikuwa tayari anapanga sahani, tatu, na kumwaga tende katikati. "Kaa ule, mwanangu, wali upo, umetoka mbali. Idara wanasemaje?"

Tunu alikizima kishikwambi. Alikuwa amejaza fomu elfu na kitu katika miaka tisa, na hii hakutaka mzee aione.

"Baba Mbwana," Bi Kidawa aliita. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Mwache fundi aende zake. Njoo ukae hapa kitandani. Nina neno na wewe."

"Ale kwanza."

"Njoo, mume wangu."

Kuna jambo katika wito ule lililomfanya aweke kijiko chini. Alikwenda akijifuta mikono kwenye kanzu, na mlango ukafungwa nyuma yake. Tunu alikusanya brashi na msasa wake, akafunga kopo, akavaa viatu kizingitini karibu na zile ndala za kike. Alifunga sanduku nyuma ya pikipiki. Ilimchukua muda mrefu, mikanda ilikuwa haimtii.

Kutoka ndani hakusikia ugomvi. Alisikia sauti ya Bi Kidawa, chini, ikienda na kwenda. Kisha nyayo, za haraka, zikivuka sebule, magoti yakitua kwenye saruji, na mlio wa kucha zikitafuta pembe ya mkeka.

Alivuta. Alisikika akipumua kwa nguvu, anaacha, anavuta tena. Kitu kilichanika kidogo, labda ukingo wa kitambaa, na mkeka haukutoka. Muziki ukajiwasha kwa kuguswa, na kile kitoto kikasema karibu, Babu Sechonge, twende kazi.

"Fundi," mzee aliita. Hakuwa na hasira. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe kuinua gunia. "Fundi, bado upo? Njoo unisaidie kuubandua. Umeshika mno. Njoo, mwanangu, peke yangu siuwezi."

Tunu alizungusha mpini, pikipiki ikaondoka. Za umeme hazina ngurumo. Hapakuwa na kitu cha kumzibia sauti ile, na alimsikia mzee akiivuta pembe ile mpaka alipotoka kambini.